Mafuta ya Kondoo na Kitabu cha Nne

Vitabu vitano vyekundu vimeingia nyumbani kwangu Kitengela ndani ya katoni iliyowahi kubeba sabuni, na ukivisogeza puani, vyote vitano vinanuka kondoo. Miaka karibu thelathini imepita na bado vinanuka. Aliyevipaka mafuta ya kondoo ni mimi, sina wa kumsingizia. Tulimzika Mwalimu Rahabu Wangechi huko Kajiado Alhamisi ya wiki iliyopita, katika upepo ule ule aliokuwa akiugombeza kila siku kwa kumjazia nyumba vumbi, na baada ya chakula, watu walipokuwa wakikunja viti vya kukodi, mpwa wake aliniita kando akaniambia shangazi aliacha maneno kwamba katoni hii ni ya Mwende, yaani mimi. Niliileta nyumbani nikaiweka juu ya meza ninayofanyia kazi, kati ya vitabu vya nyimbo za kanisa vilivyoachana na migongo na rejista za shule zinazongoja gundi, nikakaa nikaiangalia tu. Mimi hujalidi vitabu. Wateja wakiniuliza nilijifunzia wapi kazi hii huwa nawatajia chuo, kwa sababu chuo kina cheti cha kutundika ukutani. Ukweli ni kwamba niliisomea Kajiado, mwaka wa tisini na sita, kwa kuharibu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda. Mwalimu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa Nyeri aliyeletwa Kajiado na kazi akabaki, na aliomba kanisani atafutiwe msichana wa kukaa naye. Sharti lake lilikuwa moja tu: msichana awe ananawa mikono bila kuambiwa. Nilidhani ni mambo ya jikoni. Kumbe jikoni hakujali sana. Ungempa githeri, mahindi na maharagwe, yenye changarawe angeitafuta kwa ulimi, akaiweka pembeni ya sahani na kuendelea kula. Mikono aliitaka kwa ajili ya chumba cha mbele. Chumba hicho kilikuwa na dirisha moja lenye pazia zito ambalo halikufunguliwa kabla ya saa kumi, jua likishahamia upande wa pili wa nyumba, na ukutani kulikuwa na kabati la mbao ya mvule lenye milango ya vioo. Ufunguo wake aliuvaa shingoni kwa uzi mweusi. Ndani mlikuwa na vitabu kama arobaini, vyote vya watoto, vyote vya ng'ambo, vingi vimechapwa kabla yeye hajazaliwa. Kimoja kilikuwa kidogo kama kiberiti. Vingine vilikuwa na kingo za dhahabu, ukiinamisha kurasa zinameta, na picha zake zimefunikwa kwa karatasi nyembamba hata ukivuta pumzi inatikisika. Nilikuwa sijawahi kuona kitabu ambacho hakikuandikwa jina la shule ubavuni.

Alivipata kwa subira, si kwa utajiri. Alikuwa akiwaandikia barua wauzaji wa vitabu vikuukuu wa Nairobi, na wageni wakirudi kwao na kuuza vyombo vya nyumba, yeye alikuwa akipita katikati ya watu wanaogombania majokofu na kwenda moja kwa moja kwenye masanduku ya watoto. Alinifundisha kukitoa kitabu rafuni kwa kukishika kiuno. "Mtoto havutwi kichwa," aliniambia siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nimeshaanza kukivuta kichwa. Alinifundisha kugeuza ukurasa kwa pembe ya juu, na nisithubutu kulamba kidole. Saa kumi ikifika tulinawa, tukajifuta, tukafungua pazia, naye akanisomea hadithi moja akiwa amesimama kana kwamba mimi ni darasa zima. Kulikuwa na mfalme aliyemwogopa bata wake mwenyewe, na mbweha aliyefungua duka la viatu akasahau kwamba wateja wake wana miguu minne. Mimi, msichana mzima mwenye cheti cha kidato cha nne, nilicheka mpaka nikasahau mboga motoni. Nilimpenda Mwalimu katika saa hiyo moja zaidi ya siku nzima, na nafikiri naye alijua.

Vile vyekundu ndivyo vilivyokuwa moyo wa kabati. Vilikuwa seti ya vitabu sita vya hadithi za kale, vimejalidiwa kwa ngozi ya mbuzi iliyotiwa rangi ya damu ya mzee, na ndani ya kila jalada kuna jina la mtoto mmoja wa Kizungu lililoandikwa kwa penseli na mkono ambao bado ulikuwa unajifunza. Mwalimu alikuwa na cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha tano na cha sita. Mahali pa cha nne alikuwa ameweka kibao. Alimpa fundi vipimo, fundi akakata kibao cha unene na urefu ule ule, Mwalimu akakipaka rangi nyekundu ili vitabu visilaliane. Kila nilipofuta vumbi nilikitoa na kukirudisha kama vile vingine, kwa kukishika kiuno.

Alikuwa ameweka nadhiri juu ya seti hiyo, na niliijua kwa kusikiliza mazungumzo yasiyonihusu. Rafiki yake Mama Kamande, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa akija Jumapili baada ya ibada, wakinywa chai na viazi vitamu jikoni, nami niko nje naosha vyombo chini ya dirisha. "Rahabu," nilimsikia akisema, "uko na vitabu za watoto na hakuna mtoto ashawahi kuzigusa." Mwalimu akamjibu kwamba zikitimia sita atafungua chumba cha mbele, atandike mikeka, na kila mtoto wa Kajiado aingie asome. "Na zisipotimia?" Hapo nilisikia kijiko kikizungushwa ndani ya kikombe kwa muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. Leo namwelewa kuliko nilivyomwelewa siku ile. Mtu anaweza kungoja kitu kitimie mpaka kule kungoja kukawa ndiyo kazi yake, na anayeteseka ni yule aliyeahidiwa.

Vitabu vyenyewe navyo havikuwa vinangoja. Hewa ya Kajiado ni kavu, na ngozi ile ilikuwa inakufa. Kila nilipovifuta, kitambaa kilitoka na unga mwekundu kama wa pilipili, na migongo ilikuwa na nyufa kama za kisigino cha mtu anayetembea bila viatu. Mwalimu alikuwa akikitazama kile kitambaa, anakikunja unga ukiwa ndani, kisha anakiweka mfukoni mwa aproni. Uso wake wakati huo uliniuma. Nilitaka mambo mawili mwaka ule: vitabu vile visife, na siku moja nipewe ule ufunguo wa shingoni. Sasa naona yalikuwa jambo moja. Nilitaka aniamini.

Mwezi wa sita ilikuja barua kutoka kwa muuzaji wa Nairobi. Aliandika kwamba amefuatilia familia ya yule mtoto aliyeandika jina kwa penseli: walikuwa wakiishi Magadi, katika nyumba za kampuni, na walipoondoka mtoto aling'ang'ania kumwachia yaya wake kitabu kimoja. Yaya alikuwa mama wa Kimaasai na alirudi kwao Bisil. Mwalimu aliisoma barua hiyo mara tatu akiwa amesimama. Pasta mmoja alituulizia, na baada ya wiki mbili tukaenda, siku ya soko la mifugo, mji mzima ukiwa ni vumbi na kengele za ng'ombe. Yaya mwenyewe, Koko Nashipae, koko likiwa bibi kwa Kimaasai, alikuwa mwanamke mrefu mwenye masikio marefu na kopo la ugoro mapajani. Nilimnyooshea mkono. Mwalimu akanisukuma kidogo mgongoni, nikakumbuka, nikainamisha kichwa kama mdogo anavyomsalimu mkubwa, naye akanigusa utosini. "Takwenya," akanisalimu. Nikaitikia "Iko" kama nilivyofundishwa njiani, akacheka kwa jinsi nilivyolitamka.

Tulikunywa chai ya maziwa yaliyonukia moshi wa kibuyu, na heshima ilipotimia Mwalimu akasema kilichotuleta. Koko aliingia chumba cha ndani, akarudi na kitu kimefungwa kwa leso. Akakifungua. Sijasahau. Kilikuwa chekundu kama vile vyetu, lakini vyetu vilikuwa vimezeeka na chenyewe hakijui uzee ni nini. Ngozi yake ilikuwa laini, nzito, yenye mng'ao wa ndani, na kilifunguka bila kulia. Kurasa zilikuwa na alama za vidole vya watoto wengi. Koko hakujua kusoma, lakini alizijua picha zote, na kwa kila picha alikuwa na hadithi yake mwenyewe aliyowasimulia watoto wake na wajukuu kwa Kimaasai. Mwalimu aliomba kununua. Koko akatikisa kichwa. Mwalimu, ambaye alikuwa amekaa Kajiado miaka mingi na kujua mambo, akasema ataleta mtamba. "Ng'ombe niko nao," Koko akasema. "Huyu nilipewa na mtoto nililea. Nilimbeba kwa mgongo mpaka akajua kukimbia. Wewe ungeuza?" Tulipokuwa tunaondoka nilibaki nyuma hatua mbili nikamuuliza Koko amefanyaje ngozi ikawa vile. Akajisugua mkono kutoka kiwikoni mpaka kiganjani, taratibu. "Mafuta ya kondoo. Ngozi ni ngozi, nakerai, mtoto wangu. Ikikosa mafuta inalia." Hayo ndiyo niliyouliza na hayo ndiyo niliyojibiwa, nami nikaona nimejua.

Mwezi wa nane kaka yake Mwalimu alifariki, ikabidi aende Nyeri siku nne. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni amevaa koti lake la kijani, akatoa uzi mweusi shingoni na kunivisha. Hakutoa hotuba. Aliniambia tu nisiache vumbi likakaa, akaenda. Nilishika ule ufunguo, ulikuwa bado na joto lake, na nikaamua kwamba akirudi atakuta vitabu vyake vimefufuka. Nilikwenda buchani nikaomba mafuta ya mkia wa kondoo. Niliyayeyusha kwenye sufuria ya kukaangia, ile ile iliyokuwa na kumbukumbu za vitunguu, na sikuyachuja. Kisha nikavipanga vile vitano mezani na kuvipaka. Nilivipaka kama mama anavyompaka mtoto asubuhi ya Jumapili, magoti na viwiko na nyuma ya masikio, mpaka anang'aa. Ngozi ilikunywa. Ilikuwa raha kuiona ikinywa. Nikaongeza. Nikavirudisha kabatini na kukirudisha kibao mahali pake, nikafunga kwa ufunguo wangu mwenyewe shingoni mwangu mwenyewe, na nilijisikia mtu mzima kuliko nilivyowahi kujisikia.

Sasa najua kwamba Koko alisema kweli. Mimi mwenyewe hununua mafuta ya manyoya ya kondoo kwenye makopo yenye maandishi ya kigeni, na napaka kazi za wateja kwa ncha ya kidole. Nilikosea kwa kipimo, na kwa jambo lingine ambalo hakuna kopo linaloliandika: kabati lililofungwa kwa ufunguo, lenye harufu ya nyama ya kuchoma, katika nyumba yenye dari ya mbao. Asubuhi ya siku ya pili sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka dirishani hadi kwenye bawaba ya kabati. Siku ya tatu nilifungua nikakuta panya wameingia kwa nyuma. Mgongo wa kitabu cha kwanza ulikuwa umeliwa mpaka nyuzi zikaonekana, na cha tano kilikuwa kimepoteza pembe mbili. Na yale mafuta ambayo ngozi haikuyataka yalikuwa yamepita yakaingia kwenye karatasi. Yule mfalme na bata wake walikuwa wameloa doa la manjano. Nilikaa sakafuni. Nilifikiria kukimbilia nyumbani, na nilijua njia yote, lakini ufunguo ulikuwa shingoni mwangu na sikujua ningeuacha wapi.

Mwalimu alirudi siku ya nne mchana, amechoka, viatu vina udongo mwekundu wa Nyeri. Alisimama mlangoni akanusa. "Nani amechinja ndani ya nyumba yangu?" Nilimwambia yote nimesimama, mikono nyuma, kama mtoto wa shule. Aliingia chumba cha mbele, akatoa kimoja kimoja kwa kukishika kiuno. Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Aliweka cha kwanza mapajani, akapitisha kidole pale panya walipokula, na nikaona machozi yakimtoka bila uso wake kubadilika. Nilivua ufunguo nikauweka mezani. Ulikaa hapo siku tatu, tukila chakula tukiuangalia, naye akiniambia tu mambo ya chumvi na maji. Siku ya pili jioni nilisikia Mama Kamande akimwambia jikoni anirudishe kwetu, akimwambia kwa upole, kama mtu anayetaja dawa. Mwalimu akasema, "Nilimpa ufunguo, sikumpa maneno." Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko aya zote nilizokariri kanisani.

Siku ya tatu niliamka kabla hajaamka nikaenda Bisil peke yangu. Nilimwambia Koko nilichofanya. Aliniuliza nilipaka kiasi gani, nikamwonyesha kwa mikono. Alicheka mpaka akaweka kopo la ugoro chini, akamwita binti yake aje nimwonyeshe tena, nao wakacheka wote wawili, na mimi nikiwa nalia nikajikuta nacheka pia. Kisha Koko akajifuta macho. Akaingia ndani, akatoka na kile kitabu ndani ya leso, na kopo la majivu yaliyochekechwa, ya kufyonza mafuta. Alisema ana siku ya kliniki ya presha Kajiado kesho yake, lakini ataondoka nami leo, presha itamngoja huko huko. Tulifika saa sita. Mwalimu alimkuta mgeni sebuleni kwake bila taarifa, akaona kopo, na kwa mara ya kwanza kwa siku tatu sauti yake ilirudi ilivyokuwa. "Majivu yatakula ngozi," akasema.

"Ngozi nimeanza kujua kabla wewe hujajua chaki," Koko akamjibu.

Mwalimu akalisogeza kopo kando. Halafu akaniambia nilete chaki. Alikuwa na maboksi mawili chini ya kitanda, masalio ya miaka yake ya kazi, na alikuwa amesahau kwa nini anayaweka. Tulizisaga kwa kuviringisha chupa juu ya gazeti, mimi nikisaga, Koko akichekecha kwa kichungi cha chai. Tulitandika mkeka barazani upande wa kivuli, tukavifungua vile vitano, tukanyunyiza chaki kwenye kila doa na kila mgongo, na Koko akatuonyesha kwa kile chake jinsi ya kugusa: mafuta kidogo, yaliyosafishwa, yaliyopozwa, kwa kiganja, mara moja kwa mwaka, na siku zote kitabu kikiwa mikononi mwa watu. "Ukikifunga hata ukipaka, kinaoza," akasema. "Huyu wangu amekaa kwa mikono. Wenu mmefungia kama ng'ombe ya maonyesho." Niliinama nikaendelea kusaga. Nilimwona Mwalimu akikiangalia kitabu cha nne kimelala pale mkekani pamoja na ndugu zake, vyote sita, kwa mara ya kwanza. Kwa dakika chache nadhiri yake ilikuwa imetimia, na vitabu vilikuwa vimepakwa chaki kama watoto waliotoka kucheza uwanjani.

Saa tisa na nusu watoto wa shule walipita. Baraza letu lilikuwa wazi kwa barabara. Walisimama watatu kwenye lango, wakawa saba, na mmoja akauliza kama tunauza. Koko, ambaye hakuwa na nadhiri na mtu, akawaita. Walivua viatu bila kuambiwa. Akafungua kitabu chake kwenye picha ya mbweha na kuanza kusimulia kwa Kimaasai, na msichana mmoja aliyekuwa anafuata maneno kwa kidole akamkatiza, akamwambia Koko kwamba kitabu hakisemi hivyo. Koko akamwambia asome basi anavyosema. Yule msichana akasoma, polepole, kwa sauti ya darasani, na Koko akageuza kichwa kumsikiliza. Miaka yote hiyo alikuwa na kitabu kile na hakuwahi kusikia kilichoandikwa ndani yake. Nilikimbia kwenda kuwaambia wanawe mikono. Mwalimu akanishika kiwiko. "Waache," akasema. "Si zishaharibika. Waache wasome." Hakuniachilia kiwiko kwa muda mrefu, na hapo ndipo nilipojua kwamba sitarudishwa nyumbani.

Jioni ilipoingia Koko alifunga kitabu chake kwenye leso. Mwalimu alimwomba tena, si kwa mtamba wala kwa kitu chochote, alimwomba tu. Koko akamwambia mtoto hauzwi, lakini mtoto hutembea. Angekuja nacho kila siku ya kliniki na kuondoka nacho jioni. Akafanya hivyo. Mara moja kwa mwezi, presha yake ikishapimwa, aliingia kwa lango letu amekibeba kwapani, na seti ikawa kamili kuanzia saa sita hadi saa kumi na moja, na siku nyingine zote ikawa na kibao. Chumba cha mbele kilitandikwa mikeka. Pazia lilitolewa likashonwa mifuko ya watoto ya kubebea vitabu. Ufunguo Mwalimu aliutundika kwenye msumari kando ya mlango, mahali mtoto wa darasa la pili anaweza kuufikia, na sikumbuki kuona kabati lile limefungwa tena. Mimi nilijifunza kushona mgongo wa kitabu cha kwanza kwa uzi uliopakwa nta ya nyuki, vibaya, mara nne, na mara ya tano ukakubali. Mwezi wa kwanza niliondoka kwenda chuoni. Mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani na kunipa viazi vitamu kwenye karatasi ya gazeti, akaniambia ninawe kabla ya kula. Nililia njia nzima mpaka Isinya, na viazi nikavila.

Koko alikufa zamani, na nilisikia kwa barua tu. Baadaye kazi ikanishika, watoto wakanishika, nikawa nakwenda Kajiado mara moja kwa mwaka, kisha mara moja kwa miaka miwili, na hilo linanihukumu wiki hii kuliko mafuta ya kondoo. Juzi nilipoweza hatimaye kuifungua katoni, nilivitoa vitano kimoja kimoja. Mgongo wa cha kwanza bado una ule mshono wangu wa mara ya tano, umepinda kidogo upande wa kushoto. Kurasa zimekuwa laini kama leso ya zamani kwa kushikwa, na kwenye yule mfalme na bata kuna alama za vidole vingi mpaka doa langu limepotea kati yao. Chini kabisa kulikuwa na kibao chekundu. Nilikigeuza. Nyuma, kwa mwandiko wa ubaoni niliokuwa naujua, mkubwa na ulionyooka ili aliye nyuma ya darasa auone, Mwalimu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: Ametembea. Atarudi.

Jana simu ililia. Ilikuwa sauti ya msichana, akajiita Naserian, mjukuu wa Koko Nashipae, muuguzi hapa hapa Kitengela, kwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Alisema amesikia msibani kwamba wale watano wako kwangu. Alisema wa nne yuko kwake na anawauliza ndugu zake. Nilimkaribisha, na mdomo wangu wa miaka hamsini karibu, mdomo wa mtu anayejua seti kamili ni nini, ukaanza kutafuta namna ya kumuuliza kama angefikiria kukiacha kwangu. Nikayameza maneno. Akaja leo saa sita, nikainamisha kichwa kabla sijakumbuka kwamba mimi ndiye mkubwa, akacheka kicheko cha bibi yake. Watoto wa majirani wa ploti walikuwa tayari wamekaa sakafuni, mikono imenawa. Tulikitoa kibao, tukakiingiza kitabu cha nne, na nilivitazama vyote sita nikamwambia Mwalimu kwa sauti kwamba vimetimia, na sikujali nani alinisikia. Saa kumi na moja Naserian alikifunga kwenye leso akaondoka nacho. Nilikirudisha kibao mahali pake, maandishi yakielekea nje, ili mtoto atakayeuliza cha nne kiko wapi ajisomee.